Mtungi wa akiba kwa anayezamia peke yake Ziwa Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaozamia upande wetu huu wa Mwanza: wakaguzi wa vizimba vya sato, wanaotoa nyavu zilizojisokota kwenye propela za boti, wanaotafuta injini zilizodondoka majini, na wachache wanaozamia kwa kupenda tu. Wengi wetu tunashuka peke yetu. Si kwamba ndiyo njia bora, ila mwalo mzima (mahali boti za uvuvi zinapofikia) unaweza kuwa na mzamiaji mmoja tu. Basi kama utashuka peke yako, hewa ya akiba ndiyo inachukua nafasi ya yule mwenzako ambaye hayupo.

## Mambo ya mwanzo

Mtungi wa akiba ni nini hasa?

Ni mtungi mdogo wa pili unaojitegemea kwa kila kitu: una koki yake, kichwa chake cha regulata (kile kinachofungwa kwenye koki), mpira wake, kipumulio chake cha mdomoni na geji yake. Kitu chochote kikiharibika kwenye mtungi mkubwa, huu mdogo haujui habari hiyo. Ukiona kuna kifaa kimoja kinachotumiwa na mitungi yote miwili, hapo huna akiba.

Ndani mnajaza oksijeni?

Hapana, ingawa hata kwenye taarifa za habari utasikia "mtungi wa oksijeni". Ndani kuna hewa hii hii tunayovuta, imekandamizwa tu: oksijeni kama asilimia 21, iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Oksijeni tupu ukishuka nayo zaidi ya mita 6 hivi inageuka sumu, unapata degedege majini na kipumulio kinatoka mdomoni. Mtu akikuletea mtungi wa oksijeni wa hospitali au wa kuchomelea vyuma akakwambia "ni ile ile", mrudishie.

Regulata yangu ina vipumulio viwili, kile cheusi na kile cha njano. Si ndiyo akiba hiyo?

Kile cha njano kimewekwa kwa ajili ya mtu mwingine aliyeishiwa hewa, avute kutoka kwenye mtungi wako. Vyote viwili vinanyonya kwenye kichwa kimoja na mtungi mmoja. Oringi (ule mpira wa duara unaoziba kati ya koki na regulata) ikipasuka, au mtungi ukiisha, vinakauka pamoja. Ukizamia na mwenzako, mtungi wake ndio akiba yako. Ukiwa peke yako, kipumulio cha njano kinakusaidia kitu kimoja tu: kile cheusi kikiharibika na mtungi ungali na hewa.

Kuna mafunzo yoyote ya kuzamia peke yako, au ni mambo ya kujiamulia?

Yapo, kwenye mashirika ya kimataifa ya mafunzo ya kuzamia. SDI wana kozi ya mzamiaji wa peke yake, PADI wana ya mzamiaji anayejitegemea. Zote zinataka uwe umeshazamia mara 100 na kuandika rekodi zake. SDI wanataka uwe na miaka 21, PADI 18. Kozi zote mbili zinadai chanzo cha pili cha hewa kinachojitegemea. Kama hujafika huko, zamia na mtu. Mbizi 100 ndizo zinazokufundisha mwili wako unavyoitikia maji yakiingia kwenye miwani, au ukipoteza upande wa juu ni upi.

Kijana wangu yuko juu kwenye boti ananisubiri. Bado nahesabika niko peke yangu?

Kwa habari ya hewa, ndiyo. Aliye juu anaweza kuita msaada, kukuvuta, kuzuia boti zisipite juu yako. Hawezi kukuletea pumzi mita 15 chini. Lakini usimdharau: mpe muda maalumu, mfano dakika 30, na mwambie la kufanya zikipita. Simu iwe na salio na chaji. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

## Ukubwa wa mtungi

Ninunue wa lita ngapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na watu wengi hununua kwanza, hesabu baadaye. Tuanze na hesabu.

Mtu mzima aliyetulia anavuta kama lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu. Akishtuka zinakuwa 40 au zaidi. Na kadiri unavyoshuka, kila pumzi inabeba hewa nyingi zaidi: mita 10 ni mara mbili ya juu, mita 20 ni mara tatu. Kwa mpango wa dharura tumia 40, kwa sababu hakuna anayeishiwa hewa akiwa ametulia.

Chukua mita 20. Dakika moja ya kutambua kilichotokea na kubadili kipumulio: 40 mara 3, lita 120. Kupanda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, tuseme dakika mbili na nusu, kwa wastani wa mara mbili: lita 200. Kusimama dakika 3 kwenye mita 5, ili naitrojeni iliyoingia mwilini itoke taratibu: lita 180. Jumla ni lita 500.

Mtungi wa lita 3 uliojazwa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una lita 600. Unatosha, na kinabaki kidogo. Wa lita 2 una 400, hautoshi. Utalazimika kuruka kule kusimama kwa mita 5.

Lakini hesabu hiyo ni ya maji yasiyo na kizuizi, na ziwa letu lina nyavu kila mahali. Ukinaswa kule chini kwa dakika 5 tu ukijikata, ongeza 40 mara 3 mara 5, yaani lita 600 nyingine. Sasa unahitaji 1,100. Ndiyo maana mimi nabeba mtungi wa alumini wa lita 5.7, ule unaoitwa wa futi 40 (futi za ujazo), ambao ukiwa bar 200 unabeba kama lita 1,140. Ni mzito kuubeba kutoka kwenye gari mpaka botini, sikatai. Ukishaingia majini husikii uzito wake.

Hiyo lita 20 ni yako. Yangu nitaijuaje?

Shuka mita 10, ogelea taratibu dakika 10 bila kubadili kina, soma geji kabla na baada. Kwa mtungi wa kawaida wa lita 11.1, ukipoteza bar 36 umetumia lita 400. Gawa kwa dakika 10, gawa tena kwa 2 kwa sababu ya kina: lita 20 kwa dakika. Rudia siku nyingine ukiwa umechoka, au maji yakiwa ya baridi, na uchukue ile namba kubwa.

Vipi kile kichupa kidogo cha kushika mkononi, chenye kipumulio juu yake?

Kikubwa kati ya hivyo kinabeba kama lita 85. Kwa mtu aliyeshtuka kwenye mita 20, hizo ni sekunde 40 na ushee. Kwenye mita 6 chini ya kizimba kinaweza kukutoa. Zaidi ya hapo usikihesabu.

Nikiwa na mtungi wa pili si naweza kukaa chini muda mrefu zaidi?

Hapana. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimewaona watu wazuri wakiteleza hapa. Panga mbizi yako kana kwamba mtungi wa akiba haupo: theluthi moja ya mtungi mkubwa kwenda, theluthi kurudi, theluthi haiguswi. Siku utakapoanza kuhesabu hewa ya akiba kama muda wa kazi, umebaki na mtungi mmoja mkubwa zaidi, na hakuna akiba tena.

## Kuufunga na kuutumia

Niufunge mgongoni au ubavuni?

Mgongoni, ukishikizwa kwenye mtungi mkubwa, hauning'inii wala haukusumbui ukifanya kazi. Ubaya wake huoni koki, huifikii, na ukinasa kwenye wavu kule nyuma huoni kilichonasa. Ubavuni, kwa klipu mbili upande wa kushoto, moja begani na moja kiunoni, unaona geji, unafikia koki, na unaweza kuuvua wote ukampa mtu au ukapenya nao sehemu nyembamba. Kwa ziwa lenye nyavu nachagua ubavuni. Hakikisha tu hakuna mpira unaoning'inia. Mpira mlegevu ni ndoano.

Koki ya mtungi wa akiba iwe wazi au imefungwa wakati nazamia?

Wazamiaji wanabishana sana juu ya hili. Wanaofunga wanasema kipumulio kikigongwa kinaweza kumwaga hewa yote bila wewe kujua, kwa hiyo unafungua koki, mpira unajaa, unafunga, unashuka. Wanaoacha wazi wanasema dharura si wakati wa kutafuta koki.

Mimi nilikuwa wa kufunga. Siku moja upande wa Igombe nilikuwa mita 17 nafuata kamba ya nanga ya kizimba. Maji ya kijani, naona mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, basi. Oringi ya mtungi mkubwa ikapasuka. Sauti yake ni kama mvua ya mawe kwenye bati, na mapovu yakafunika miwani nikawa sioni hata geji. Nikakamata kipumulio cha akiba, nikavuta. Pumzi ya kwanza ikaja vizuri. Ya pili ikawa ngumu, kama kunyonya uji mzito kwa mrija. Ya tatu hakuna kitu. Nilikuwa nimevuta ile hewa iliyobaki kwenye mpira. Koki nilikuwa nimeifunga kwa mkono wangu mwenyewe kule juu. Nikaikuta kwa kupapasa, nikaizungusha kwanza upande usio wake, ikagoma, nikarudisha upande wa pili. Ikafunguka. Sekunde labda kumi. Bado nazikumbuka moja moja.

Tangu hapo nashuka koki ikiwa wazi, kipumulio kimefungwa kwa mpira laini shingoni chini ya kidevu ambako nakisikia kikianza kuvuja. Geji naitazama kila ninapotazama ile nyingine. Kama umefunga mgongoni, mjadala haupo: iwe wazi daima, maana huifikii.

Nikikosea nikaanza kuvuta mtungi wa akiba tangu mwanzo?

Hili ni kosa linaloua. Mtu anaruka majini akiwa na kipumulio kisicho chake mdomoni, anatazama geji ya mtungi mkubwa, inaonyesha 200, anafurahi kwamba leo anavuta kidogo. Kisha hewa inakatika bila taarifa. Weka alama ambayo mdomo na vidole vitaitambua gizani: kipande cha mdomoni chenye umbo tofauti, utepe wa rangi na fundo kwenye mpira. Na geji ya mtungi mkubwa ikiwa haijashuka baada ya dakika tano, simama uangalie unavuta wapi.

Nifanye mazoezi mara ngapi?

Kila mbizi, mara moja, ukiwa mita 5 wakati wa kupanda: toa kipumulio, kamata cha akiba, puliza maji yatoke, vuta mara nne, rudisha. Mara moja kwa mwezi fanya ukiwa umefumba macho. Wakati wa kubadili usibane pumzi. Achia vipovu vidogo vidogo, kwa sababu ukipanda hata mita chache huku umebana, mapafu yanaweza kupasuka.

## Kujaza na kutunza

Naweza kujaza kwa fundi pancha? Kompresa anayo.

Hapana. Ile ya matairi inafika bar kama 10 hivi, mtungi unataka 200. Na hata kama ingefika, hewa yake ina mvuke wa oili, haijachujwa kwa ajili ya mapafu. Jaza kwenye kompresa ya kuzamia yenye vichujio vilivyobadilishwa kwa wakati. Ukifika, angalia mdomo wa kuvutia hewa umeelekea wapi. Ukiwa karibu na jenereta au ekzosi ya gari, utajaziwa moshi wa kaboni monoksaidi, ambao hauna harufu na chini ya maji unalewesha haraka. Ukivuta hewa ikanuka oili au ikaacha ladha mdomoni, mwaga mtungi wote.

Mtungi mdogo naweza kuujaza kutoka kwenye mkubwa?

Ndiyo, kwa mpira maalumu wa kuhamishia, taratibu sana ili usipate joto. Ila jua hesabu: mkubwa wa lita 11.1 wenye bar 200 ukiunganishwa na mtupu wa lita 3, vyote vinasimama kwenye bar 157 hivi. Ukirudia na mkubwa mwingine uliojaa, mdogo unapanda mpaka kama 191. Watu wengi wanaishia mara ya kwanza na kuandika "umejaa". Rudi kwenye hesabu ya swali la lita ngapi, uone 157 mara 3 ni ngapi: lita 471. Haitoshi kwa mita 20.

Mtungi huwa siutumii. Unahitaji huduma?

Huo usiotumika ndio unaohitaji zaidi. Ukaguliwe ndani kila mwaka, upimwe kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 5, regulata yake ifunguliwe kila mwaka kama ile nyingine. Mende na nyigu wadogo wanapenda kutaga kwenye vipumulio vilivyoning'inizwa stoo. Nimewahi kumkuta mmoja.

## Mambo ya ziwa letu

Ziwa liko juu kuliko bahari. Hesabu zinabadilika?

Zinabadilika. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya Mwanza ina shinikizo kama asilimia 88 ya ile ya Dar es Salaam. Kwa upande wa hewa unayovuta, hesabu za pwani nilizotumia hapo juu zinakupa ziada kidogo, ziache hivyo. Kwa upande wa naitrojeni mwilini ni kinyume: jedwali la kuzamia la baharini, lile linalokuambia ukae chini muda gani kwa kila kina, linakudanganya. Mita 18 za hapa zihesabu kama 21. Kompyuta ya kuzamia iweke kwenye maji yasiyo na chumvi, na uhakikishe inatambua mwinuko. Pia punguza risasi za uzito kiunoni, kwa sababu maji yasiyo na chumvi hayakubebi kama bahari.

Nimetua na ndege kutoka Dar asubuhi. Naweza kuzamia mchana?

Subiri kesho yake. Mwili wako umekuja na naitrojeni ya usawa wa bahari, na hapa ni kama vile umeshazamia mara moja. Wakati wa kurudi, usipande ndege kabla ya saa 18 kupita kama umezamia mara kadhaa, na hesabu hiyo hiyo inahusu safari ya gari kupanda Ngorongoro, ambako ukingo wa kreta unapita mita 2,200.

Nikinaswa na timba nifanyeje?

Simama. Timba ni uzi wa plastiki usioonekana, na kujizungusha ndiko kunakokufunga. Kwanza hewa: tazama geji zote mbili. Endelea kuvuta mtungi mkubwa mpaka uishe au uharibike. Wa akiba ni wa kupandia. Kisha fuata uzi kwa vidole mpaka unapogusa, ukate hapo. Beba vikataji viwili mahali tofauti ambapo kila mkono unafikia kimoja. Kile cha ndoano kinashinda kisu kwa timba. Kisu kinausukuma tu. Kwa kamba nene ya kizimba ni kinyume chake.

Mamba na viboko?

Hewa haisaidii hapo. Waulize wavuvi wa mwalo husika asubuhi hiyo hiyo, si wiki iliyopita. Wakikwambia ameonekana, funga mizigo urudi. Na kichocho kipo ukingoni penye majani na konokono: ingilia kutoka kwenye boti, na upime afya.

Bosi anasema mtungi wa pili ni gharama ya bure. Nimjibuje?

Mwonyeshe hesabu ya swali la lita ngapi, kwa karatasi, kwa heshima. Kisha mkumbushe kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini), inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumkata mfanyakazi. Kizimba kimoja cha sato kina samaki wa thamani kuliko mtungi, regulata na geji pamoja. Akiendelea kukataa, usishuke. Najua ni rahisi kuandika kuliko kufanya ukiwa na ada ya shule mezani, lakini sina jibu jingine.

Ikitokea ajali ya chombo, niingie ndani na mtungi wangu wa akiba kuokoa watu?

Kila mtu wa Mwanza anauliza hili kwa sababu tunakumbuka. Meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ilipinduka karibu kabisa na kufika. Walipotoboa ubavu ili wafikie waliokuwa ndani, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka na meli ikaenda chini. Kivuko cha MV Nyerere, Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, zaidi ya watu 220 walikufa, lakini siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai, aliyekuwa akipumua hewa iliyonaswa ndani. Kwa hiyo najua kinachokuvuta uingie.

Mtungi wa akiba wa lita 3 umehesabiwa kwa njia moja tu, kupanda moja kwa moja juu. Ndani ya chombo kilichopinduka hakuna juu: sakafu ni dari, viti vinaelea mlangoni, tope likitibuka huoni taa yako mwenyewe. Kuingia kunataka kamba ya kurudia, mitungi miwili mikubwa na timu inayojua unachofanya. Unachoweza kufanya ni kubaki nje: gonga bodi, sikiliza kama kuna anayejibu, weka alama ya boya mahali uliposikia, na uwape Polisi Wanamaji na Zimamoto taarifa hiyo wakifika. Na kama kuna anayeshika kitoboleo, mwambie kilichotokea 1996.

Nimelazimika kupanda kwa mtungi wa akiba na nimefika salama. Sasa?

Jaza hewa jaketi kwa mdomo ili uelee, kwa sababu mtungi mkubwa huenda hauna kitu cha kulijazia. Panda botini, lala, kunywa maji, na usirudi majini siku hiyo hata kama kifaa kilichodondoka kiko pale pale. Kama ulipanda haraka au uliruka kusimama mita 5, angalia mwili kwa saa 24: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida. Dalili yoyote, vuta oksijeni kama ipo, nenda hospitali, na umwambie daktari mwanzoni kabisa kwamba umezamia, kina gani na kwa muda gani. Mtungi wa akiba usiujaze kwanza: andika umebaki na bar ngapi. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia kama saizi uliyonunua inakutosha.